Upande wa Mto

Kambini, Malaya
4 Agosti 1952

Kwa mjomba wangu Dhadho, Minjila, kwa mkono wa Dagane mwenye duka, Garsen.

Assalaam alaykum. Mimi mpwa wako Hirbo ni mzima, nakula, nalala, na viatu vya jeshi havinibani tena. Salamu zangu zifikishe kwanza kwa mama. Mwambie hirizi aliyonishonea bado iko mkononi, ingawa kamba yake imeoza kwa mvua nami nimeifunga kwa uzi wa gunia. Kisha umsalimie Dagane, umwambie chai ya huku haina maziwa wala haya. Ng'ombe nao wasalimie, hasa yule mwekundu wa marehemu baba, kama bado ana tabia ya kula nguo za watu.

Nchi hii ni ya maji, mjomba. Mvua hunyesha kila alasiri, jua likitoka kila kitu kinatoa mvuke. Na kuna jambo nitakuandikia, nakuomba usikasirike. Nyati wa huku wanalima. Wanavutwa kwa kamba iliyopita puani, wanaingia tope la mpunga, wanalima, wanarudi nyumbani. Nimemwona bibi mmoja mfupi kuliko mama akimpiga nyati kofi la shavu naye akanyamaza.

Kazi yetu si ya kukimbizana. Watu tunaowatafuta wako msituni na wanaujua kuliko sisi, kwa hiyo wakubwa wameamua tuwazunguke. Kuna kinamasi kimoja, kukizunguka kwa miguu ni siku nzima, nao wamo ndani yake. Sisi tumekaa pande zote. Vijijini mchele unafungiwa, na mtu akienda shambani anapekuliwa asibebe hata tonge moja. Humo ndani hakiingii kitu. Mimi nimewekwa kusoma nyayo. Sajini wetu ni Mgiriama, anaitwa Mwaringa, ndiye aliyewaambia kwamba watu wa Tana tunamjua ng'ombe aliyepotea kwa kwato zake. Basi kila asubuhi napita ukingoni nikitazama nani kaingia, nani katoka. Hatoki mtu.

Sasa neno langu. Tulikuwa tunapiga soga na Sajini, nikamsimulia habari ya mguu wako. Akaniuliza ni mnyama gani aliyeuvunja, nikashindwa kujibu. Nilipokuwa mdogo ulisema ni mamba. Nilipotahiriwa ulisema ni kiboko. Siku nilipoondoka ulimwambia dereva wa lori ni nyati, nikakusikia. Mjomba, ni yupi? Na siku hiyo baba alikuwa wapi? Najua alikufa kwa simba mwaka huo huo, nami nilikuwa wa miaka miwili, lakini wewe hujawahi kunikalisha chini ukanieleza.

Mimi mpwa wako mtiifu,
Hirbo Molu


Minjila
21 Septemba 1952

Kwa Hirbo, askari wa Keya, huko aliko.

Waalaykum salaam. Barua yako ilikaa kwa Dagane siku tisa kwa sababu aliiweka chini ya kopo la sukari akaisahau. Ina duara la kopo hadi sasa. Nimemwambia kwamba nilipokuwa tarishi wa serikali, miaka kumi na moja mlangoni mwa ofisi, haikupotea barua hata moja, na mguu wangu ni huu huu. Akanipa pipi nikanyamaza.

Mama yako hajambo. Ameshona hirizi nyingine, iko ndani ya barua hii, uivae na usiifunge kwa uzi wa gunia kama mzigo wa mahindi. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na wiki iliyopita amekula kilemba changu nusu. Majani si mabaya. Mto umeshuka sana, tunavuka kwa miguu.

Kuhusu nyati wa kulima, nakuomba radhi. Niliwasomea watu barua yako pale dukani, nilipofika hapo nikaruka mistari. Sitaki iwe habari ya Garsen nzima kwamba mtoto wa dada yangu Barwako amekwenda ng'ambo akawa mwongo.

Mwezi huu simba alimla mtamba wa Mahadi. Vijana wakafuata damu mpaka kichaka kilicho karibu na mto, wakakizunguka chote, mikuki tayari, kila mmoja ameshajiona anaimbiwa kama shujaa. Nikafika nikichechemea. Nikawaambia upande wa mto uachwe wazi. Wakaanza kunijibu, mara simba aliye ndani hana pa kwenda, mara wazee wa siku hizi wana huruma na wanyama. Nikawatandika fimbo wawili waliokuwa wamesimama upande ule hadi wakahama. Simba akatoka, akashuka mtoni, akavuka bila kutazama nyuma. Hajarudi hata leo. Mahadi amenuna, lakini watoto wake wako wote.

Mguu ni kiboko. Umeuliza, umejibiwa.

Baba yako alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Mengine hayafai kuandikwa kwenye karatasi ambayo afande wako anaifungua kabla yako. Kula, lala, na usiwe wa kwanza kila mahali. Umetokana na watu wa kuwa wa kwanza.

Mjomba wako,
Dhadho


Kambini, Malaya
9 Novemba 1952

Kwa mjomba wangu mpendwa.

Assalaam alaykum. Hirizi imefika, nimeivaa, mwambie mama haiumi. Nimefurahi sana kusikia habari ya ndama. Mpe jina zuri, usimwite Serikali kama yule wa mwaka juzi. Mimi mwili ni mzima, ila ruba wa majini wananyonya miguu yetu, na tumbo langu halitaki tena wali. Nikirudi sitaki kuuona wali mwaka mzima.

Afande wetu mpya ni luteni, kijana mwenye madoadoa usoni, hasemi sana. Anajifunza Kiswahili kwa daftari. Juzi aliniambia, "Mimi ni mvua," akitaka kusema amelowa. Hatukucheka mpaka alipoondoka.

Mjomba, nilikuambia hatoki mtu kwenye kinamasi. Sasa ni miezi mitatu. Hapo kwanza niliona nyayo zao ukingoni, wakija kutazama kama tumelala. Zilikuwa nyayo nzito, za watu wanaobeba vitu. Siku hizi ni nyepesi. Mmoja anaburuta kidole gumba. Mwingine anasimama kila hatua chache, anashika mti, kisha anakwenda. Nazisoma kama ninavyosoma barua yako, na sipendi ninachokisoma.

Wiki iliyopita, alfajiri, nilikuwa nimeinama kwenye tope nikasikia mtu akikohoa ndani. Hakuwa mbali. Alikohoa mara tatu, akasafisha koo, kama babu anayetaka kuanza hadithi. Nilikuwa na bunduki na sikufanya kitu. Nilibaki nimeinama mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu siku ile siwezi kusema "adui" bila kukisikia kikohozi kile.

Tumeambiwa mwezi wa Januari tutaingia, pande zote nne kwa pamoja, tukaze kama kamba ya mzigo mpaka katikati. Mimi nitatangulia upande wa kijito kwa sababu mimi ndiye msoma nyayo. Naogopa. Neno hilo naliandika kwako tu, wala usiwasomee watu dukani.

Mguu nimeuacha, basi uwe kiboko. Nijibu hili moja tu, mjomba. Kwa nini upande wa mto uachwe wazi? Wewe si mtu wa huruma na simba. Kwa nini uliwapiga watu fimbo?

Mpwa wako,
Hirbo


Minjila
14 Desemba 1952

Kwa Hirbo mwanangu.

Waalaykum salaam. Mama yako ni mzima, ng'ombe ni wazima, mimi ni mzima. Nitaeleza upesi kwa sababu mto umepanda. Maji yamezunguka Minjila yote, tumekuwa kisiwa, ng'ombe wamesongamana juu ya kilima kimoja. Barabara ya Garsen haionekani. Barua yako ililetwa na Isaac, Mpokomo wa Ngao, kwa mtumbwi. Nimemwomba asubiri nimalize hii aondoke nayo hadi Kipini, ipate chombo cha Mombasa. Amekaa mlangoni anakunywa maziwa na kunitazama, hajui kwa nini mzee mzima anaandika huku anafuta macho.

Si kiboko, Hirbo. Wala si mamba, wala nyati. Ni simba, yule yule wa baba yako.

Nilikuwa kijana, sina mke. Babu yako alikuwa amenipa fahali mweupe, ng'ombe wa kwanza kuwa wangu peke yangu, nami nilikuwa nampaka mafuta pembe kama bwana harusi. Simba akamla. Tukamfuata watu kumi na wanne tukamfikia kichakani, si mbali na pale alipoingia huyu wa Mahadi. Baba yako Molu ndiye aliyetupanga. Wazee wetu walipozunguka kichaka hawakufunga upande wa mto. Simba akiona njia anakwenda, na akishavuka kwa hofu haji tena malisho hayo. Akikosa njia anatafuta mtu. Mimi nililijua hilo tangu sijaota meno ya kutafunia.

Lakini nilimtaka afe. Sikutaka aende zake na fahali wangu tumboni. Baba yako alipopita upande wa pili, niliacha nafasi yangu nikaenda kusimama upande wa mto na mkuki mmoja. Mlango niliuziba mimi, Hirbo. Simba akatoka mbio kuufuata, akanikuta. Alinishika hapa chini ya goti, nikausikia mfupa. Wenzangu walisimama. Molu hakusimama. Alikuja kutoka upande wa pili akipiga kelele, akamchoma ubavuni, na simba akaniacha mimi akamgeukia yeye.

Alifariki kabla ya adhuhuri. Hakuniuliza kitu. Watu walipouliza nani alisimama upande wa mto, nilisema simba alitukuta tu tukiwa bado tunajipanga. Waliojua walinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia na mguu umening'inia. Kisha uongo ukawa mkubwa nikashindwa kuubeba, nikaanza kuleta mamba na viboko. Nilikulea kwa mapenzi, usidhani vingine. Ila kila ulipocheka mgongoni mwangu niliogopa siku utakayouliza.

Sasa nisikilize. Hao watu wako wana njaa na wamezungukwa. Ukifika kwao kutoka pande zote nne, hata yule anayekohoa atakuwa simba. Mwambie afande wako aache upande mmoja. Mwambie kwamba mjomba wako ameulipia ujuzi huo kwa mguu mmoja na shemeji mmoja. Akikataa, basi usisimame upande wa kijito. Nakuomba. Nakuomba kama sikuwahi kukuomba kitu.

Ukitaka kuniandikia tena, niandikie. Usipotaka, nitaielewa sababu, na ng'ombe wa baba yako nitaendelea kuwachunga.

Isaac amesimama. Maji yanapanda.

Dhadho


Kambini, Malaya
1 Februari 1953

Kwa mjomba wangu Dhadho, Minjila.

Assalaam alaykum. Ni mimi, Hirbo, kwa mkono wangu, mkono wa kulia, na wa kushoto nao upo. Mwambie mama nimekonda kidogo tu. Natumaini mto umeshuka na ng'ombe wameteremka kilimani bila hasara. Msalimie Isaac. Barua yako ina harufu ya samaki na wino umeenea, lakini hakuna neno nililoshindwa kulisoma.

Ilinifikia tarehe 27 Januari, mjomba. Kazi ilikwisha tarehe 19.

Usishtuke. Soma mpaka mwisho.

Nilipoona jibu halijafika na siku zinakwisha, nilikwenda kwa Luteni. Sikuwa na maneno yako, nilikuwa na habari ya simba wa Mahadi tu na vijana wawili uliowatandika. Nikamweleza yote, na Sajini Mwaringa akitafsiri pale Kiswahili cha daftari kilipofika mwisho. Luteni akacheka, akasema hawa si simba. Nikamwambia, "Ndiyo, afande. Ndiyo maana wao wataona mlango upesi zaidi." Akaacha kucheka. Sajini akasema, "Afande, huyu ndiye atakayetangulia kuingia. Mimi ningemsikiliza." Luteni alizunguka hema mara mbili, kisha akafungua ramani akaniuliza upande gani. Nikamwonyesha kijito.

Asubuhi ile pande tatu zilijaa askari. Upande wa kijito bunduki zilirudishwa nyuma hatua mia. Pale penye kijito tulikaa watu wawili, mimi na mkalimani, Mchina mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na kati yetu sufuria kubwa ya wali. Bunduki yangu niliilaza chini mbali nami, ili mtu aione. Mkalimani akapaza sauti kwa baragumu la bati: njooni kwa kijito, mikono mitupu, hapana atakayepigwa, chakula ni hiki. Alisema hivyo hadi sauti ikakauka. Tuliogopa sote wawili mjomba, tukawa tunafunika na kufunua sufuria kwa zamu bila kutazamana.

Hakuja mtu mpaka jua likawa la utosini. Wali ulipoa tukaupasha. Kisha nikakisikia. Mara tatu, halafu kusafisha koo.

Alitoka mzee, mifupa mitupu, amebeba sufuria yake tupu kichwani kaishika kwa mikono miwili. Nadhani alifikiri mikono iliyoshika sufuria nayo imeinuliwa, na kwa kweli ilikuwa imeinuliwa. Alitazama bunduki chini, akanitazama mimi. Nikamwambia "Karibu," kwa Kiswahili, maana ndilo neno lililotoka. Akakaa. Nyuma yake akaja mwanamke anayeburuta kidole gumba, nikamjua kwa mguu kabla ya uso. Walifika kumi na mmoja. Haikulia risasi hata moja, si upande wetu wala wao.

Sitakuficha, wengine wawili hawakuja kwenye wali. Walipita mbali, wakavuka, wakaenda zao. Luteni amefokewa na wakubwa kwa ajili ya hao wawili, na utepe wa cheo niliokuwa nimeahidiwa umesahaulika. Luteni hajanilaumu. Amenipa daftari lake la Kiswahili nimsahihishie. Wale kumi na mmoja walichukuliwa kwa lori, na mkalimani anasema waliotoka wenyewe hawanyongwi. Namwomba Mungu iwe kweli. Yule mzee nilimpa shuka langu kwa ajili ya kifua chake.

Sasa barua yako.

Mjomba, siku nilipopanda lori pale Garsen, kabla hujaja na hadithi yako ya nyati, mama alinivuta nyuma ya duka la Dagane akaniambia yote. Fahali mweupe, upande wa mto, baba kutoka upande wa pili. Alisema baba alimweleza mwenyewe asubuhi ile kabla hajafariki, akamwambia, "Ndugu yako ni mtoto, usimbane." Mama akaniambia nami nisikubane. Niulize kila nipatapo nafasi, lakini kwa upole, na nikuachie pa kutokea.

Basi nikauliza habari ya mguu. Ukaleta kiboko. Nikangoja.

Sina hasira. Nilikuwa nayo kwenye meli, siku nne au tano, kisha ikaisha kwa kutapika. Mtu aliyenibeba mgongoni kwa mguu uliovunjika, mimi nitamfanyia hasira gani? Niandikie. Na wasomee watu habari ya nyati, bila kuruka.

Mpwa wako,
Hirbo


Minjila
20 Aprili 1953

Kwa Hirbo.

Waalaykum salaam. Sote wazima. Mto umerudi mahali pake na umetuachia majani mpaka kiunoni. Ndama wa mwekundu amekua, jina la Malaya walilotaka vijana nimelikataa, watu wangecheka, nimemwita Kisiwa. Nyati wamesomwa dukani. Dagane anasema wewe ni mwongo na mimi nimemwambia aende akatazame mwenyewe.

Barua yako niliisomea kichakani, pale pale, peke yangu. Kisha nikaenda kwa mama yako.

Nilimkuta anakamua. Nikasimama mlangoni mwa boma na karatasi mkononi, nikamwambia, "Barwako, ulijua." Akasema ndiyo. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu siku ile, kabla ya adhuhuri. Miaka kumi na tisa, Hirbo, ananipikia, ananifulia kanzu, anasikiliza mamba, anasikiliza kiboko, anawaambia wageni watulie mjomba asimulie. Nikamwambia nisamehe dada yangu.

Akanijazia kibuyu cha maziwa, akanisogezea kigoda chake. Nikakaa. Nikaanza kumweleza tena habari nzima tangu fahali mweupe, kwa mdomo wangu mwenyewe, naye akinisikiliza kama mtu asiyeijua. Nilipofika mahali pa Molu nikasita, akaniambia ninywe kwanza, maziwa yanapoa.

Njoo nyumbani. Wali hatupiki.

Mjomba wako,
Dhadho